Namna ya Kutafuta Mijadala ya Kamati ya Afya na Michezo katika Kumbukumbu Rasmi za Bunge la Uskoti

Mwongozo huu unawahusu wanafunzi wa afya ya jamii, wanahabari na watafiti waliopewa kazi ya kuonyesha kile kilichosemwa katika Bunge la Uskoti kuhusu jambo fulani la afya au michezo, na ambao wamefungua tovuti ya Bunge hilo wakajikuta hawajui pa kuanzia. Maswali yanayoulizwa ni yale yale. Kwa nini jina la kamati halionekani baada ya mwaka 2021? Kwa nini maneno yaliyosikika katika video hayapo katika maandishi? Kwa nini kiungo kilichonukuliwa katika tasnifu ya zamani hakifunguki? Je, inaruhusiwa kuandika kwamba "Bunge lilisema" ikiwa aliyesema ni daktari aliyealikwa kutoa maoni? Yote hayo yana majibu, na mengi utayapata mapema ukifuata utaratibu badala ya kuandika neno moja katika kisanduku cha kutafutia na kubahatisha.

Nitatumia mfano mmoja katika sehemu kubwa ya mwongozo: sheria ya bei ya chini ya pombe, yaani kiwango ambacho kinywaji hakiruhusiwi kuuzwa chini yake kulingana na wingi wa kilevi kilichomo. Nimeuchagua kwa sababu suala hilo lilipita mbele ya kamati ya afya ya Uskoti katika vipindi kadhaa tofauti vya Bunge, likawa na matokeo tofauti, na kamati yenyewe ikabadilisha jina njiani. Anayeweza kuufuatilia mjadala huo kutoka mwanzo hadi mwisho anaweza kuufuatilia mwingine wowote.

UNACHOHITAJI KABLA YA KUANZA

Huhitaji kulipa wala kujisajili popote, kwani kumbukumbu zote zimewekwa wazi kwa umma katika tovuti ya parliament.scot. Andaa mambo yafuatayo:

- Kompyuta yenye intaneti. Simu inaweza kutumika, lakini kikao kimoja cha kamati kinaweza kuwa na makumi ya kurasa, na kuzisoma katika kioo kidogo kunamfanya mtu aruke mambo.
- Uwezo wa kusoma Kiingereza bila haraka. Mijadala karibu yote iliendeshwa kwa Kiingereza, kwa hiyo maneno ya kutafutia nayo ni lazima yawe ya Kiingereza, na yaandikwe kwa tahajia ya Uingereza.
- Makadirio ya tarehe. Hata kujua tu kwamba jambo lilijadiliwa "kabla ya sheria kupitishwa mwaka 2012" kunatosha kuanzia.
- Jedwali au daftari la kuandikia kila ulichotafuta: neno, tarehe, kamati, na kama ulipata kitu au la. Wengi huiona kazi hii kuwa ya ziada, kisha hujikuta wakirudia utafutaji ule ule wiki inayofuata.

MAMBO MACHACHE YA KUELEWA

Kumbukumbu ninazozizungumzia huitwa "Official Report", nami nitaziita Taarifa Rasmi. Zinafanya kazi ile ile ambayo Hansard inafanya Dodoma au Nairobi, ila zinahusu vikao vya wazi vya kamati pamoja na vile vya ukumbi mkuu, na kila kikao cha kamati huwa na chapisho lake. Waandishi wa Taarifa Rasmi huandika karibu kila neno lililotamkwa, lakini huondoa kigugumizi, marudio na makosa ya kisarufi. Jambo hilo litakuwa muhimu tutakapofika kwenye matatizo.

Muswada wa kawaida hupita katika hatua tatu. Katika hatua ya kwanza kamati husikiliza mashahidi kuhusu misingi ya muswada na kutoa ripoti, kisha Bunge zima hupiga kura. Katika hatua ya pili muswada hupitiwa kifungu kwa kifungu na marekebisho hupigiwa kura, kwa kawaida ndani ya kamati. Hatua ya tatu hufanyika ukumbini mbele ya wabunge wote 129. Mtu anayetafuta hoja za wataalamu aende hatua ya kwanza. Anayetaka kujua nani alipinga kifungu gani aende ya pili.

HATUA

Hatua ya 1. Andika swali lako kwa sentensi moja na ulipe mipaka ya muda.

"Nataka kujua Bunge la Uskoti linasema nini kuhusu pombe" si swali linaloweza kutafutwa. "Nataka kujua madaktari waliiambia nini kamati ya afya kuhusu bei ya chini ya pombe wakati muswada wa 2011 ulipokuwa katika hatua ya kwanza" linaweza kutafutwa, kwa sababu lina msemaji, mada, muda na mahali. Usiende hatua ya pili kabla sentensi hiyo haijakamilika.

Hatua ya 2. Tambua kamati iliitwaje katika kipindi hicho.

Hapa ndipo watu wengi hupotea, na ndipo ninapokusihi ukae muda mrefu kuliko unavyodhani unahitaji. Bunge la Uskoti lilianza mwaka 1999, na baada ya kila uchaguzi mkuu kamati huundwa upya, mara nyingine kwa jina jipya na majukumu mapya. Katika kipindi cha kwanza, 1999 hadi 2003, mambo ya afya yalikuwa chini ya "Health and Community Care Committee", na michezo ilikuwa pamoja na elimu na utamaduni katika kamati nyingine kabisa. Katika kipindi cha pili, 2003 hadi 2007, kamati iliitwa "Health Committee" tu. Hiyo ndiyo iliyoshughulikia muswada uliozaa marufuku ya kuvuta sigara katika maeneo ya umma yaliyofungwa, iliyoanza tarehe 26 Machi 2006. Afya na michezo ziliunganishwa mwaka 2007, na jina "Health and Sport Committee" likadumu vipindi vitatu mfululizo, hadi 2021. Kuanzia hapo kipindi cha sita kilikuja na "Health, Social Care and Sport Committee". Kwa mijadala inayofuata uchaguzi wa Mei 2026, angalia orodha ya kamati katika tovuti kabla ya kudhani kwamba jina limebaki vile vile.

Kwa hiyo anayechagua "Health and Sport Committee" katika orodha na kutafuta mjadala wa 2024 hatapata kitu, na anayetafuta michezo ya mwaka 2000 katika kamati ya afya atakuwa anapekua kabati lisilo lake.

Kuna pia mambo ya afya ambayo hayakupitia kamati ya afya. Muswada wa 2010 kuhusu kumsaidia mgonjwa kukatisha maisha yake uliundiwa kamati maalumu, ilhali muswada wa suala hilo hilo uliowasilishwa mwaka 2013 na kukataliwa mwaka 2015 ulichunguzwa na Kamati ya Afya na Michezo. Wakati wa janga la korona iliundwa "COVID-19 Committee" mwaka 2020, na sehemu kubwa ya majadiliano kuhusu kanuni za dharura iko huko. Maombi ya wananchi nayo huanzia katika kamati ya maombi, na mengine hayatoki humo. Ukikuta kamati ya afya imenyamaza kuhusu jambo ambalo unajua lilizua mjadala mkubwa, tafuta katika kamati hizo kwanza.

Hatua ya 3. Hakikisha umo katika bunge sahihi.

Wales nayo, kati ya 2016 na 2021, ilikuwa na kamati iliyoitwa "Health, Social Care and Sport Committee", jina lile lile ambalo Uskoti ililichukua mwaka 2021. Ukitafuta jina hilo katika Google utachanganyiwa kurasa za Cardiff, makao ya bunge la Wales, na za Edinburgh, makao ya lile la Uskoti, na mtu mwenye haraka huzinukuu zote kama za nchi moja. Angalia anwani ya ukurasa: ya Uskoti huwa na parliament.scot. Bunge la London lina kamati zake pia, na mambo yanayobaki chini ya mamlaka ya London, kama vile sheria kuu ya dawa za kulevya ya 1971, huamuliwa kule hata kama athari zake kwa wagonjwa hujadiliwa Edinburgh. Sheria ya utoaji mimba ilihamishiwa Uskoti kupitia sheria ya mwaka 2016, kwa hiyo kwa suala hilo mwaka unaoutafuta ndio utakaokuambia uende bunge gani.

Hatua ya 4. Fungua sehemu ya Taarifa Rasmi na uchuje kabla ya kuandika neno.

Katika tovuti ya Bunge, nenda sehemu ya mijadala na kamati, kisha uchague "Official Report". Utaona mahali pa kuandika neno, pa kuchagua aina ya kikao au kamati, pa kuchagua mbunge, na pa kuweka tarehe ya mwanzo na ya mwisho. Anza na kamati na tarehe. Neno liache wazi. Utapata orodha ya vikao vyote vya kamati katika muda huo, na ukiisoma orodha hiyo kwa dakika chache utaona vikao vingapi viligusa mada yako na mada hiyo iliandikwaje katika ajenda. Ajenda ndiyo itakayokufundisha maneno ya kutumia katika hatua inayofuata.

Katika mfano wetu, weka "Health and Sport Committee" na miezi kuanzia Novemba 2011 hadi Mei 2012. Muswada wa bei ya chini ya pombe uliwasilishwa mwishoni mwa Oktoba 2011 na kupitishwa na Bunge tarehe 24 Mei 2012, kwa hiyo kila kilichosemwa na kamati kuuhusu kama muswada kiko ndani ya miezi hiyo.

Hatua ya 5. Sasa chagua maneno.

Usitumie neno moja. Andika katika daftari lako angalau maneno matatu yenye maana moja na uyajaribu yote, moja baada ya jingine, kwa sababu istilahi hubadilika kadiri miaka inavyopita. Mwaka 2010 wasemaji wengi walisema "minimum pricing". Baadaye "minimum unit pricing" lilienea, na katika mijadala ya karibuni utakutana na kifupisho "MUP" kikitumika kama neno la kawaida. Aliyetafuta "MUP" peke yake atadhani mjadala ulianza miaka mingi baada ya kuanza kwake.

Kuna mitego midogo ya tahajia ambayo humnyima mtu matokeo bila yeye kujua. Wakala wa michezo wa Uskoti hujiandika "sportscotland", neno moja lisilo na herufi kubwa. Ukiweka nafasi katikati unaweza kukosa mijadala yake yote. "Wellbeing" huandikwa pia "well-being". Andika "paediatric" na "anaesthetic" kama Waingereza waandikavyo. Hospitali na huduma za maeneo hutajwa kwa bodi za afya za maeneo, kwa mfano "NHS Lothian" au "NHS Grampian" (NHS ni huduma ya afya ya umma), kuliko kwa jina la mji. Na michezo yenyewe hujificha nyuma ya maneno "physical activity": mijadala mingi kuhusu mazoezi, uzito wa watoto na viwanja vya shule haitaji neno "sport" hata kidogo.

Hatua ya 6. Ukipata kikao, kifungue chote.

Matokeo ya utafutaji hukuonyesha kipande kifupi chenye neno lako. Kipande hicho hakitoshi kunukuliwa. Fungua kikao, pakua toleo la PDF, na uanze na kurasa za mbele, ambazo zina ajenda, majina ya wajumbe, majina ya mashahidi pamoja na vyeo vyao, na mahali pa kikao. Alama ya nyota kando ya jina la mjumbe inaonyesha kwamba alihudhuria. Jina la chumba lisikushangaze, maana vyumba vya kamati vimepewa majina ya Waskoti mashuhuri, na kimojawapo ni cha David Livingstone, yule yule ambaye msomaji wa Kigoma anamjua kwa habari za Ujiji.

Katika maandishi yenyewe utaona saa zimechapishwa mahali kikao kilipoanza, kiliposimama na kiliporejea. Ziandike, kwa kuwa zitakusaidia ukitaka kulinganisha na video katika scottishparliament.tv. Mwishoni mara nyingi kuna mstari unaosema kwamba kikao kiliendelea faraghani hadi saa fulani. Mstari huo una maana kwamba kamati iliendelea kufanya kazi, pengine kwa kupima ushahidi iliousikia au kuandaa ripoti, na kwamba hakuna neno la sehemu hiyo litakalopatikana katika Taarifa Rasmi.

Hatua ya 7. Tambua ni nani anayesema, na kwa nafasi gani.

Nawaomba wasomaji wangu wawe wakali sana hapa. Kamati si mtu mmoja. Katika ukurasa mmoja wa Taarifa Rasmi anaweza kuzungumza mwenyekiti, mbunge wa chama tawala, mbunge wa upinzani, profesa, mwakilishi wa kampuni za pombe na waziri, na kila mmoja ana sababu zake za kusema anachosema. Mbunge hutambulishwa mara ya kwanza kwa jina kamili, jimbo au eneo lake, na kifupi cha chama kama vile "SNP" (Scottish National Party), "Lab" (Labour) au "Con" (Conservative); baadaye huandikwa kwa jina tu, kwa hiyo ukiruka katikati ya waraka unaweza usijue ni wa chama gani. Waziri hutanguliwa na cheo chake. Shahidi hutanguliwa na jina, na taasisi iliyomtuma huandikwa anapoanza kuzungumza.

Jina la msemaji nalo linaweza kukupa muktadha. Katika kipindi cha tano, kwa mfano, mmoja wa wajumbe wa Kamati ya Afya na Michezo alikuwa Brian Whittle, mwanariadha wa zamani aliyekimbia katika timu ya Uingereza ya mbio za kupokezana iliyoshinda ubingwa wa Ulaya mwaka 1986, naye akiwa amevuliwa kiatu kimoja wakati wa kupokea kijiti. Maswali yake kuhusu mazoezi yanasomeka vizuri zaidi ukijua hilo.

Kanuni ya kuandika ni rahisi. Shahidi akisema jambo, andika kwamba shahidi huyo aliiambia kamati. Mbunge akisema, andika jina la mbunge. Neno "kamati ilisema" litumike tu kwa ripoti ya kamati au uamuzi wake uliorekodiwa, na "Bunge liliamua" litumike kwa kura ya ukumbini. Kumtwisha Bunge maneno ya mshawishi wa kampuni ni kosa linaloharibu kazi nzima, na mtahini anayezijua kumbukumbu hizi ataliona mara moja.

Hatua ya 8. Fuata suala nyuma na mbele.

Baada ya kupata mjadala mmoja, jiulize kama suala lilikuwa limeshakuja hapo awali. Bei ya chini ya pombe ilikuwa sehemu ya muswada wa pombe wa 2009, katika kipindi ambacho chama cha SNP kilikuwa na viti 47 kati ya 129 na hakikuweza kupitisha jambo bila msaada wa vyama vingine. Mwaka 2010, katika hatua ya pili, wajumbe wengi wa Kamati ya Afya na Michezo walipiga kura kukiondoa kipengele hicho, na muswada ukapita bila hicho mwezi Novemba. Baada ya uchaguzi wa 2011 SNP ilipata viti 69, Nicola Sturgeon, aliyekuwa bado waziri wa afya, akauleta muswada mpya wenye jambo hilo tu, na kamati yenye jina lile lile, lakini yenye wajumbe wengi wapya, ikausikiliza. Sheria ilipingwa mahakamani hadi Mahakama ya Juu ya Uingereza ilipotoa hukumu Novemba 2017, na bei ya peni 50 kwa kipimo kimoja cha kilevi ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2018. Mwaka 2024 bei hiyo ilijadiliwa tena, safari hii mbele ya Kamati ya Afya, Huduma za Jamii na Michezo, na kupandishwa hadi peni 65 kuanzia tarehe 30 Septemba.

Anayesoma vikao vya 2012 peke yake hatajua kwamba kamati hiyo hiyo ilikwisha kulikataa jambo hilo, wala hataelewa kwa nini baadhi ya wajumbe wanauliza maswali kana kwamba wanaendeleza mazungumzo ya zamani. Fanya utafutaji wa kila kipindi peke yake, ukiweka jina la kamati la kipindi hicho na tarehe zake.

Zingatia pia kwamba mjadala wa 2024 haukuhusu muswada, bali amri ndogo iliyotolewa chini ya sheria iliyokuwapo tayari. Katika ajenda, amri na kanuni za namna hiyo huwekwa chini ya kichwa "Subordinate Legislation", na msomaji mpya huziruka akidhani ni mambo ya kiofisi. Usiziruke.

Hatua ya 9. Chukua nyaraka zinazoandamana na kikao.

Maneno yaliyosemwa mezani ni sehemu tu ya ushahidi. Mashahidi wengi hutuma maoni ya maandishi kabla ya kikao, na wengine ambao hawakualikwa hutuma pia. Nyaraka hizo huwa katika kurasa za kamati, pamoja na karatasi za kikao, ripoti ya hatua ya kwanza na barua za waziri. Barua zina thamani kubwa kuliko watu wanavyofikiri, kwa sababu waziri anapoahidi mbele ya kamati kwamba "ataandika baadaye", takwimu iliyokuwa inatafutwa huwa katika barua hiyo.

Hatua ya 10. Nukuu kwa namna itakayomwezesha mwingine kufika pale pale.

Andika aina ya chapisho, jina la kamati, tarehe kamili, na nambari ya safu. Taarifa Rasmi huhesabiwa kwa safu, na nambari hizo huchapishwa katika toleo la PDF. Muundo wa kufuata ni huu: Official Report, Health and Sport Committee, kisha tarehe, kisha herufi "c" (yaani "column", safu) na nambari ya safu. Nambari peke yake haitoshi, kwa kuwa inaweza kujirudia katika vikao tofauti. Tarehe ndiyo inayoikamilisha. Hifadhi PDF katika kompyuta yako chini ya jina linaloanza na mwaka, mwezi na siku, ili faili zijipange zenyewe. Leseni ya wazi ya Bunge la Uskoti inaruhusu kutumia upya maandishi haya, mradi utaje chanzo.

Ukitafsiri nukuu kwa Kiswahili, weka maneno ya Kiingereza katika tanbihi na useme kwamba tafsiri ni yako. Istilahi za kibunge huteleza kwa urahisi: anayeongoza kamati Uskoti huitwa "convener", na kwa Kiswahili anatosha kuitwa mwenyekiti, lakini msomaji anayetaka kuhakiki atahitaji neno la asili.

UKIKWAMA

Umepata matokeo mengi mno. Punguza tarehe hadi mwezi mmoja kabla ya kubadilisha neno. Ikiwa bado ni mengi, ongeza jina la mbunge au shahidi.

Hupati chochote. Kagua kwa mpangilio huu: jina la kamati la kipindi hicho, tarehe, tahajia, neno mbadala. Kisha ondoa kichujio cha kamati na utafute katika kamati zote, kwa kuwa suala linaweza kuwa limejadiliwa na kamati ya fedha, ya elimu, ya haki au ya maombi. Uchunguzi kuhusu ulinzi wa watoto katika michezo wa mwaka 2017 ulifanywa na Kamati ya Afya na Michezo, na kuna watu walioutafuta kwa siku nyingi katika kamati ya elimu kwa sababu unahusu watoto.

Maneno uliyoyasikia katika video hayamo katika maandishi. Kumbuka kwamba waandishi husahihisha lugha. Usitafute sentensi nzima. Tafuta jina, takwimu au neno la kitaalamu lililotajwa karibu na hapo, halafu tumia saa zilizochapishwa kukadiria mahali. Ikiwa tofauti kati ya video na maandishi inagusa hoja yako, nukuu Taarifa Rasmi na ueleze tofauti hiyo.

Kiungo cha zamani hakifunguki. Tovuti ya Bunge ilibadilishwa, na nakala ya tovuti ya zamani ikahifadhiwa katika archive2021.parliament.scot. Usihangaike kukitengeneza kiungo. Chukua tarehe na jina la kamati kutoka katika nukuu ya zamani, kisha utafute kikao upya katika tovuti ya sasa. Kama nukuu ya zamani haikuweka tarehe, utaelewa kwa nini nimesisitiza tarehe katika hatua ya kumi.

Kisanduku cha tovuti kinaleta vitu visivyohusiana. Tumia Google: andika site:parliament.scot, acha nafasi, kisha uweke maneno yako ndani ya alama za nukuu. Njia hii haichuji vizuri kwa tarehe, lakini hufichua nyaraka ambazo kisanduku cha ndani kimezipita, hasa maoni ya maandishi yaliyotumwa kama PDF.

Mbunge alitaja takwimu ambayo inaonekana kuwa na kosa. Angalia kama kuna masahihisho yaliyochapishwa pamoja na Taarifa Rasmi, kwa maana mbunge anayegundua kwamba alitoa taarifa isiyo sahihi anaweza kuomba masahihisho. Kama hayapo, nukuu alichosema kama alivyosema na uweke takwimu sahihi kando yake, ukitaja ulipoipata.

Kikao kiko katika ajenda lakini hakina maandishi. Huenda kilikuwa cha faragha, na katika hali hiyo utapata muhtasari wa maamuzi tu. Kikiwa cha siku chache zilizopita, huenda maandishi bado yanaandaliwa. Ya kamati huchukua muda mrefu zaidi kuliko ya ukumbini, ambayo hutoka jioni ile ile. Na ikiwa umefanya yote hayo bila mafanikio, waandikie makarani wa kamati husika kwa anwani iliyowekwa katika ukurasa wa kamati, ukitaja tarehe, mada na mahali ulipokwisha kutafuta.